Kipimo Kabla ya Spana: Giaboksi za Otomatiki na Mlima wa Bigwa

Katika gereji zetu hakuna hukumu inayotolewa upesi kama ile ya giaboksi ya otomatiki. Gari limechelewa kushika gia asubuhi, au injini imenguruma mlimani na magurudumu hayavuti, na kabla boneti haijafunguliwa neno limekwisha kutoka: giaboksi imekufa. Kinachofuata kinajulikana. Simu inapigwa Dar es Salaam, giaboksi ya mtumba inatafutwa Gerezani au Kariakoo, inapakiwa kwenye basi, na mwenye gari anatoa fedha aliyokuwa ameitenga kwa ada ya mtoto au mbegu za msimu. Safari nyingine gari linapona. Safari nyingine dalili zilezile zinarudi baada ya wiki chache, kwa sababu ugonjwa haukuwa ndani ya giaboksi, au ulikuwa ndani lakini kilichouleta kilikuwa nje na hakuna aliyekigusa.

Hasara hii inaepukika kwa sehemu kubwa. Kupima gari ni kazi kamili, yenye mpangilio wake na inayostahili malipo yake, na mpangilio wenyewe ni mwepesi kuueleza: huanza nje kwenda ndani, na hugusa kitu cha bei ndogo kabla ya kitu cha bei kubwa. Anayeufuata hufungua giaboksi chache kuliko jirani yake, na zile anazofungua hujua anatafuta nini humo.

Barabara inayofichua ubovu

Bigwa ni kata ya Manispaa ya Morogoro, upande wa mashariki wa mji, chini kabisa ya milima ya Uluguru. Hapo ndipo barabara ya Kisaki inapoiacha njia ya Dar es Salaam na kuelekea Kiroka, Mkuyuni, Matombo na Mvuha. Mji wa Morogoro uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Vilele vya Uluguru vinapita mita 2,600. Gari linalotoka Dar es Salaam husafiri karibu kilomita 190 za lami likiwa gia ya juu, mwendo wake hautofautiani sana, na upepo unapooza rejeta muda wote. Likikata kona Bigwa na kuanza kupanda kuelekea Kiroka, kila kitu kinageuka. Mwendo unashuka, gia zinabadilika kila baada ya kona, mzigo wa ndizi, nanasi na viungo umekandamiza springi za nyuma, na upepo wa kupooza umepungua wakati ambapo joto linaongezeka.

Ndiyo maana gari linaloonekana zima Dar es Salaam huanza kulalamika hapa. Mlima haujaliharibu, umeonyesha ubovu uliokuwa umejificha. Kwa mpimaji hiyo ni bahati, maana fundi aliye Bigwa ana kipimo ambacho gereji nyingi za mijini hazina: kilomita chache tu kutoka kijiweni kwake anaweza kuliweka gari chini ya mzigo halisi na kuona kinachotokea oili ikiwa imechemka.

Magari yenyewe nayo yana historia. Mengi ni ya Japani yaliyokwisha kutumika: Toyota IST, Vitz, Passo, Raum, Noah, Harrier, Nissan X-Trail na Note, Honda Fit, Subaru Forester. Yalitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoendesha upande wa kushoto kama sisi, na huko otomatiki ndiyo kawaida. Toyota IST ya kwanza ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, kwa hiyo giaboksi nyingi za IST zinazopanda kuelekea Kiroka leo zimepita miaka 15. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda tangu 2018 imezuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania imeacha mlango wazi na kutoza ushuru wa ziada kwa yaliyo makuukuu. Tunapokea gari lililokula nusu ya umri wake au zaidi, mara nyingi bila daftari la matengenezo. Hatujui oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, au kama iliwahi kubadilishwa.

Kinachotokea ndani

Bila picha ya ndani, dalili haziwezi kusomeka. Katika otomatiki ya kawaida, iliyotokana na ile iliyoanza kuuzwa kwa wingi na kampuni ya General Motors ya Marekani mwaka 1939, injini haijafungwa moja kwa moja kwenye gia. Kati yao kuna toki konveta: bakuli lililojaa oili, upande mmoja una pangaboi linalozungushwa na injini, upande wa pili lingine linalosukumwa na oili hiyo. Nyuma yake kuna seti za gia na furushi za sahani za klachi. Gia haibadiliki kwa kusogezwa. Klachi moja inaachia na nyingine inashika. Nguvu ya kushika hutoka kwenye oili iliyosukumwa na pampu, ikapita katika valvu bodi ambayo ni kitalu cha chuma chenye vijia vingi vyembamba, na njia hizo hufunguliwa na kufungwa na solenoidi, valvu ndogo za umeme zinazopokea amri kutoka kwenye kompyuta ya gari.

Kwa hiyo oili ile moja inafanya kazi nne: inapitisha nguvu, inakandamiza klachi, inalainisha na inapooza. Ikipungua, ikichafuka au ikichemka kupita kiasi, kazi zote nne zinaanguka pamoja. Na kompyuta inayotoa amri inategemea sensa, nyaya na betri. Kati ya sababu zinazoweza kufanya gari lisishike gia, nyingi hazidai kushusha giaboksi chini.

Joto ndilo adui mkuu. Gari likiwa lamini kwenye mwendo wa kutosha, klachi iliyo ndani ya toki konveta hufunga pande mbili zikazunguka pamoja, na msuguano wa oili unakoma. Mlimani, mwendo ukiwa mdogo, klachi hiyo inabaki wazi. Pangaboi moja linazunguka haraka kuliko lingine, na tofauti hiyo yote inakuwa joto. Oili ikipita nyuzi 120 huanza kuharibika kwa kasi. Kinachoiokoa ni kipoozeo kidogo kilichofichwa ndani ya rejeta. Mwenye gari anayejaza maji ya bomba mwaka hadi mwaka badala ya kulenti huijaza rejeta kutu, na kutu hiyo inakula maisha ya giaboksi kabla haijamaliza injini.

Maswali kabla ya boneti

Mteja akisema, "Fundi, giaboksi imekufa, nitafutie nyingine," jibu linalomfaa ni maswali. Dalili ilianza ghafla au polepole? Ya ghafla huelekeza kwenye umeme: fyuzi, waya, soketi, sensa. Ya polepole huelekeza kwenye kuchakaa au oili. Hutokea gari likiwa la baridi, la moto, au wakati wote? Gia zote, moja tu, au rivasi peke yake? Nani aligusa gari mara ya mwisho, na alifanya nini? Gari likianza kusumbua siku mbili baada ya kuoshwa injini kwa maji ya presha, soketi zilizoingia maji zinatangulia kwenye orodha. Likianza baada ya kubadilishiwa oili, aina ya oili na kiwango chake ndivyo vya kwanza kuangaliwa.

Swali moja husahaulika, na huku mlimani ni kubwa: gari liliwahi kuvutwa? Pampu ya giaboksi inazungushwa na injini. Gari la otomatiki likivutwa kwa kamba kutoka Matombo hadi mjini huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakigusa chini, sehemu za ndani zinazunguka bila kulainishwa. Betri ilikuwa imekufa tu, lakini gari linafika gereji likiwa na ugonjwa wa pili ulio mzito kuliko wa kwanza. Gari la namna hiyo linyanyuliwe magurudumu yake yanayoendeshwa, na la magurudumu manne lipakiwe mzimamzima.

Dalili na tafsiri zake

Zipo dalili zinazojirudia, na kila moja ina washukiwa wake.

Gari kuchelewa kushika asubuhi, kisha likawa sawa siku nzima, mara nyingi ni oili iliyopungua au sili zilizokakamaa kwa uzee. Kuteleza katika gia zote, injini ikipanda mizunguko bila gari kuongeza mwendo, ni shinikizo dogo la oili: kiwango kimeshuka, chujio limeziba, au pampu imechoka. Kuteleza katika gia moja tu ni klachi ya gia hiyo au solenoidi yake. Kuwa sawa likiwa la baridi na kuteleza likipata moto ni oili iliyogeuka nyepesi ikavuja kwenye sili zilizochakaa, na hapa ndipo mlima wa Kiroka unaposema ukweli ambao barabara ya tambarare ingeuficha.

Kugonga kwa kishindo unapotoka P kwenda D kunahitaji utulivu wa kufikiri. Huenda shinikizo la oili limezidi. Lakini huenda pia silensa, yaani mizunguko ya injini isipokanyagwa mafuta, iko juu mno, au mauntingi za injini zimekatika na kinachogonga ni injini yenyewe ikiruka kwenye kitako chake. Fundi akifungua boneti, akamwomba mwenzake akanyage breki na kubadili gia, ataiona injini ikiinuka. Mauntingi ni kitu cha saa chache, na bei yake haifanani kabisa na ya giaboksi.

Kutetema kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, mithili ya gari linalopita juu ya matuta madogo, ni dalili inayodanganya watu kuliko zote. Inaweza kuwa klachi ya toki konveta inayoshika na kuachia kwa sababu oili imechoka. Inaweza pia kuwa plagi au koili ya injini inayokosa moto. Njia ya kutenganisha ni nyepesi: gari likiwa kwenye mwendo huo, dereva anaendelea kukanyaga mafuta huku akigusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto, penye barabara tupu. Mguso huo unaiamuru klachi ya toki konveta iachie. Mtetemo ukikoma papo hapo, kosa liko huko. Ukiendelea, uanze kuangalia injini.

Gari linaloondoka zito na kubaki gia moja tu, ya tatu kwa mfano, kwa kawaida limejilinda. Kompyuta imeona hitilafu ya umeme, imezima solenoidi, na giaboksi imebaki kwenye gia ambayo haihitaji amri ili gari liweze kufika gereji. Hiyo ni dalili ya matumaini zaidi ya inavyotisha, maana inaweza kuwa soketi iliyolegea au waya uliotafunwa na panya.

Na lipo lile gari ambalo mkono wa gia hautoki kwenye P kabisa. Liangalie kwa karibu. Mtu amekaa ndani anavuta kwa nguvu. Fundi amesimama nyuma ya gari na kumwambia akanyage breki. Taa za breki haziwaki. Hapo jibu limepatikana. Kufuli la mkono wa gia hufunguliwa na umeme uleule unaowasha taa za breki. Swichi iliyo juu ya pedeli ikifa, au fyuzi yake ikiungua, mkono unabaki umefungwa. Kando ya mkono huo kuna kitufe kidogo au kitundu chenye kifuniko, ambapo ncha ya ufunguo inatosha kuufungua kwa muda. Swichi inabadilishwa kwa dakika chache. Magari yamewahi kubebwa na gari la breakdown kwa kosa hili.

Mpangilio wa kupima

Hatua ya kwanza ni oili, na ina kanuni zake. Kwenye Toyota nyingi zenye kijiti, gari lisimame mahali sawa, liwe limepata moto hadi oili ifike nyuzi 70 au 80, mkono upitishwe kila nafasi kisha urudi P, na kijiti kisomwe injini ikiwa inawaka. Honda hutaka injini izimwe kwanza, na kijiti kisomwe ndani ya dakika moja hivi. Anayetumia kanuni moja kwa magari yote atajaza pungufu au kuzidisha, na oili iliyozidi hutoa povu, povu lisiloweza kukandamiza klachi. Magari mengi ya karibuni hayana kijiti kabisa. Hupimwa kwa kizibo cha chini, oili ikiwa na joto lililotajwa na kiwanda, na bila kusoma joto hilo kwa mashine kipimo ni kubahatisha.

Kisha tone moja lipakwe kwenye kitambaa cheupe. Oili nzima ya Toyota ni nyekundu inayopitisha mwanga. Ya kahawia imezeeka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inasema sahani za klachi zimechomeka. Ya pinki yenye ukungu ina maji, ama ya mafuriko ama ya rejeta iliyotoboka ndani. Hapo kubadilisha giaboksi bila kubadilisha rejeta ni kununua kifo cha pili.

Hatua ya pili ni umeme: volti za betri gari likiwa limezimwa na likiwa linachaji, waya wa ethi kati ya injini na bodi, soketi za giaboksi, na swichi inayoiambia kompyuta mkono uko nafasi gani. Gari lisilowaka kwenye P lakini linawaka kwenye N linailalamikia swichi hiyo.

Hatua ya tatu ni kusoma kompyuta. Tangu 1996 Marekani ililazimisha magari mapya ya abiria kuwa na mfumo wa OBD-II, na namba za hitilafu za giaboksi zikapangwa kuanzia P0700. P0705 ni swichi ya nafasi ya mkono, P0710 ni sensa ya joto la oili, P0715 na P0720 ni sensa za mwendo wa kuingia na kutoka, P0730 ni uwiano wa gia usiolingana, P0741 ni klachi ya toki konveta, na za P0750 kwenda mbele ni solenoidi. Magari mengi ya soko la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana soketi ileile lakini yanazungumza lugha ya kiwanda chake. Kisomeo cha bei ndogo kinachounganishwa na simu kikikosa kuyasoma, usihitimishe kwamba gari halina hitilafu. Kwenye Toyota za kipindi hicho, taa ya O/D OFF inayomweka yenyewe kwenye dashibodi nayo ni taarifa kwamba kompyuta imehifadhi kosa.

Namba ya hitilafu inataja mtaa. Nyumba bado hujaijua. P0750 haisemi solenoidi imekufa. Inasema saketi ya solenoidi ina tatizo, na saketi ni solenoidi, waya, soketi na kompyuta. Kabla ya kununua solenoidi, mita ipime ukinzani wake na waya ufuatwe mwanzo hadi mwisho. Namba ikifutwa, gari liendeshwe, na ionekane kama inarudi. Faida kubwa zaidi ya mashine iko kwenye takwimu zinazotembea: ukilinganisha mwendo wa kuingia na wa kutoka gari likipanda mlima, utaona kwa macho gia gani inateleza na kwenye joto gani.

Hatua ya nne ni majaribio ya mwendo. Kwanza muda wa kushika: injini ikiwa silensa, toka N kwenda D, hesabu hadi usikie gari linashika. Vitabu vya Toyota hutaka isizidi sekunde 1.2 kwa D na 1.5 kwa R. Pili, jaribio la kubana: breki zote zimeshikwa, magurudumu yamezuiwa, D, mafuta hadi mwisho, na mizunguko isomwe. Injini nyingi ndogo hukomea mahali fulani kati ya 2,000 na 3,000 kwa dakika, na kila moja ina kiwango chake. Ikipanda kupita hapo, klachi zinateleza; ikishindwa kufika, injini ni dhaifu au toki konveta ina kasoro. Jaribio hili lisizidi sekunde tano, lifuatiwe na mapumziko ili oili ipoe, mtu asisimame mbele ya gari, na lisifanywe kwenye CVT, otomatiki ya mkanda tutakayoiona baadaye, wala kwenye gari lenye breki za mashaka. Tatu, barabara: kupanda kuelekea Kiroka na kurudi, kukumbuka kila badiliko, likiwa la baridi na likiwa la moto.

Hatua ya tano ni geji ya shinikizo la oili, inayofungwa kwenye tundu maalumu pembeni mwa giaboksi. Hii ndiyo hutenganisha pampu na klachi, na ndicho kifaa kinachokosekana katika gereji nyingi.

Mwisho kabisa ndipo sampu, bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, inashushwa. Chini yake kuna sumaku ndogo. Zitoe, zipitishie kidole. Uji laini wa kijivu, kama grisi iliyochanganyika na majivu, ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Vipande vinavyokwaruza kidole au vinavyometameta ni chuma kilichovunjika. Chembe nyeusi zilizojaa kwenye chujio ni sahani za klachi zilizokwisha. Hapo, na si kabla ya hapo, neno la kufungua au kubadilisha giaboksi linakuwa na ushahidi.

CVT ina sheria zake

Nissan X-Trail iliyoanza 2007, Note, Honda Fit za kwanza na Vitz nyingi hazina seti ile ya gia. Zina puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, na mkanda wa chuma katikati. Wazo hilo lilizinduliwa kwenye gari la kuuzwa kwa wingi mwaka 1958 kupitia kampuni ya DAF ya Uholanzi, wakati huo kwa mkanda wa mpira. Mkanda wa chuma hushika kwa shinikizo na kwa oili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Oili ya otomatiki ya kawaida ikitiwa kwenye CVT, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na hakuna kuirudisha nyuma. Kosa hili linaanzia kwenye duka ambako mtu anaomba "hydraulic ya giaboksi" na kupewa chupa yoyote nyekundu. Kitabu cha gari, kijiti au kifuniko huandika aina: T-IV, WS, NS-2, NS-3 na kadhalika. Aliye dukani na aliye chini ya gari wote wanapaswa kuisoma.

CVT pia huzuia mwendo ikichemka: gari linapoteza nguvu mlimani, likipumzika nusu saa linarudi sawa. Wengi hudhani giaboksi inakufa. Inajikinga, na kinachotakiwa ni kuangalia upoozaji, oili na uzito wa mzigo. Na kwa Nissan nyingi za aina hii, kubadilisha giaboksi au valvu bodi hudai takwimu zake ziandikwe upya kwenye kompyuta. Bila hivyo giaboksi nzima itagonga na kutetema, na mwenye gari ataambiwa aliuziwa mbovu.

Ubishi wa oili

Wapo wanaoapa kwamba ukimwaga oili ya zamani, giaboksi inakufa. Wasikilizwe, kwa sababu wameyaona wanayoyasema. Lakini sababu ni nyingine. Giaboksi iliyopuuzwa miaka mingi huwa sahani zake zimekwisha, na chembe zake zinazoelea kwenye oili chafu huongeza msuguano kidogo. Oili mpya huondoa msaada huo wa mwisho, na kusafisha kwa presha kunaweza kusukuma uchafu kwenye vijia vya valvu bodi. Njia ya busara ni kupima kwanza. Kama klachi bado zinashika, imwagwe ile inayotoka kwenye sampu tu, ijazwe kiasi kilekile, na kazi hiyo irudiwe baada ya kilomita elfu kadhaa. Kama zimeshaungua, mteja aambiwe wazi kwamba oili haitazifufua.

Wengine wanasema oili ya giaboksi ni ya maisha, wakinukuu kitabu. Vitabu hivyohivyo vina ukurasa wa matumizi magumu: vumbi, matope, milima, mizigo mizito. Orodha hiyo ni maelezo ya barabara ya Matombo. Kwa gari la Bigwa linalobeba mzigo, kubadilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000 ni uangalifu wa kawaida.

Kwa nini kipimo kinarukwa

Mafundi wetu wanaweza kupima. Wengi wana sikio na mikono ambayo hakuna mashine inayoifikia. Tatizo liko kwenye malipo. Mteja hulipia kilichofungwa, halipii kilichogunduliwa. Fundi akitumia asubuhi nzima na kugundua swichi ya taa ya breki, anapewa fedha ya soda. Akileta giaboksi, anapata ya kushusha na kupandisha, na pengine kidogo cha muuzaji. Mfumo unaomlipa mtu kwa kukosea utazaa makosa, awe mwaminifu kiasi gani.

Soko la mtumba linaongeza uzito. Gerezani, barabara ya Kirinyaga Nairobi na soko la Kisekka Kampala yanafanya kazi kubwa; bila masoko hayo magari mengi yangelala. Lakini giaboksi iliyo sakafuni haiwezi kujaribiwa, na dhamana mara nyingi inakoma mnunuzi akivuka mlango. Ikifika Bigwa, hatari mbili zinaisubiri. Toki konveta isipokaa hadi mwisho kabla boliti hazijakazwa, pampu inavunjika siku ya kwanza. Na kipoozeo kisiposafishwa, chuma cha giaboksi iliyokufa kinaingia kwenye iliyokuja.

Morogoro ina nafasi ya kubadilisha hali hii kuliko miji mingi. Kituo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kipo Kihonda, na Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi, kinachofundisha walimu wa vyuo vya ufundi, kipo hapahapa. VETA pia ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Mashine nzuri ya kusomea na geji ya shinikizo ni ghali kwa fundi mmoja. Kwa kikundi cha gereji za mtaa mmoja zinanunulika, na kozi fupi ya kuzitumia ni jambo la kuombwa kwa pamoja.

Mwenye gari naye ana wajibu, na unaanza leo. Kubaliana na fundi bei ya kupima peke yake, kabla ya kazi nyingine yoyote. Omba majibu kwa maandishi: kiwango na rangi ya oili, namba za hitilafu, mizunguko, shinikizo, kilichoonekana kwenye sumaku. Karatasi hiyo ni yako. Ukienda kwa fundi wa pili atakuwa na pa kuanzia. Ukishuka kutoka mlimani, weka 2 au L ili injini ishike gari badala ya kuchoma breki. Tumia kulenti. Usizidishe mzigo. Na fundi akikwambia, "Mzee, sijapima bado, siwezi kusema," mlipe vizuri. Huyo ndiye atakayekuokolea giaboksi.